Tupeane uzoefu: Kusoma chuoni huku unafunzwa kazini, kulikusaidia?

Jirani wa Shabab, Nakuru: Mdogo wangu anaanza Leveli 6 ya umeme, yaani dipuloma, na chuo kinasema sehemu ya masomo ni kiwandani. Ujerumani kampuni ndiyo humwandika mwanagenzi kwanza, kisha humruhusu kwenda shule siku moja au mbili kwa wiki. Uingereza nao tangu 2001 wana digrii fupi, miaka 2 kwa anayesoma kutwa, na kazi ni sehemu ya masomo. Kwetu hapa ni kuzunguka na barua ya atachi, yaani ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini, ukibisha milango. Mliopitia, semeni.

Fundi wa Kondele: Umeme pia, Kisumu. Nilitumwa chai mpaka nikajua kila kibanda. Supavaiza alipiga sahihi logibuku (daftari la kazi za kila siku) ya wiki nzima bila kusoma. Asesa wa chuo, yule wa kukupima, akaja, akaifungua, akaniuliza habari za nyumbani, akaenda zake. Nikapita! Kufunga mota upya nilifunzwa na mzee mmoja wa shifti ya usiku, ambaye hata hakuwa ameambiwa anifunze.

Binti Lurambi: Pole Fundi. Mimi nilisomea upishi kwa mtaala wa umahiri, Kakamega. Huku logibuku tupu haikutoshi, maana unapika mbele ya asesa, na unaweka ushahidi wa kazi zako: picha, menyu, hesabu ya gharama. Jibu ni umefuzu au bado. Hoteli niliyopata ilikuwa na mpishi mkuu mkali, lakini alichukua orodha ya chuo ya mambo ya kujifunza akaibandika jikoni. Kila Jumatatu alinihamisha: nyama, mikate, stoo. Stoo niliichukia, na ndiyo inayonilisha leo, kwa sababu wapishi wengi hawajui kukadiria chakula cha watu mia bila hasara. Jirani, kabla mdogo wako hajaripoti, aulize atakuwa chini ya nani, kwa jina. Wakimjibu "utaona ukifika", atafute kwingine.

Mzee wa Bondeni: Mimi ndiye huyo mwajiri mnayemsema. Nina karakana ya kuchomelea. Mwanafunzi anakuja bila buti wala miwani, mwezi haujaisha ameenda. Nimfunze saa ngapi, na mteja anasubiri geti lake? Mimi sikusoma chuo; nilijifunzia juakali nikafanya gredi testi, mitihani ya ufundi ya NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), kutoka III hadi I. Anayetaka kukaa, tuandikiane mkataba wa uanagenzi, usajiliwe huko NITA, nami nitamfunza kama mwanangu. Wa kupita nampa ufagio, sitadanganya.

Fundi wa Kondele: Mzee, angalau umesema ukweli 😂

Jirani wa Shabab: Asanteni. Na nauli? Kuna aliyelipwa?

Binti Lurambi: Mimi chakula cha mchana tu. Kama kuna shangazi anayeishi karibu na kiwanda, mpigie mapema.