Falsafa ya dini chuo kikuu: nianzie wapi, na je, imani yangu itabaki?

Mwanafunzi wa Katuba, Lubumbashi

Nawasalimu wakubwa wangu na ndugu zangu wote. Nimepata diploma ya serikali, na mwaka huu ninaanza masomo ya falsafa hapa Lubumbashi. Katika orodha ya masomo nimeliona somo la falsafa ya dini, nalo limenivutia kuliko mengine yote, kwa sababu sisi ni Wakatoliki, jirani zetu wa upande mmoja ni Waislamu, wa upande wa pili ni Wakimbangu, na tangu utoto nimesikia kila nyumba ikisali kwa uhakika uleule.

Baba yangu ni katekista. Hakunikataza, lakini aliniambia kwamba mtu akizoea kuihoji sala, siku moja ataiacha. Neno hilo halijanitoka moyoni. Basi ninaomba mnieleze somo hili linatofautiana vipi na theolojia, nianze na dini ipi, na kama wenzangu waliotangulia walibaki na imani yao.

Mwalimu mstaafu, Kampemba, Lubumbashi

Mwanangu, hongera. Mwanatheolojia huanza na ufunuo ambao jumuiya yake imekwisha kuupokea, kisha hutumia akili ili kuuelewa. Anayesoma falsafa ya dini huuliza ni kiasi gani cha madai hayo kinaweza kufuatwa kwa hoja na mtu yeyote, awe amebatizwa au hapana. Maandishi yanayosomwa huweza kuwa yaleyale. Kinachobadilika ni kile unachoruhusiwa kukitegemea unapojenga hoja.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ushauri wangu ni kwamba usichague dini, uchague swali. Chukua hili: je, ulimwengu ulikuwa na mwanzo? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba hauna mwanzo. Ibn Sina, aliyekuwa Mwislamu, alikubali kwamba ulimwengu ni wa milele, lakini akasema kwamba hata hivyo unamtegemea Mungu kila wakati, kama mwanga unavyoitegemea taa. Al-Ghazali, Mwislamu mwenzake, aliona kwamba kauli hiyo inamnyang'anya Mungu hiari yake, akaandika kitabu kizima cha kuwapinga wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu kati ya hayo aliwahukumu kuwa wamekufuru: umilele wa ulimwengu, dai kwamba Mungu hajui mambo madogomadogo ya kila kiumbe, na kukana ufufuo wa miili. Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, alikijibu kitabu hicho hoja kwa hoja. Katika mji uleule wa Cordoba alizaliwa pia Maimonides, Myahudi, ambaye alisema kwamba hakuna upande uliokwisha kuthibitisha neno lake. Kisha Thomas wa Akwino, mtakatifu anayeheshimiwa na baba yako, akawasoma wote hao na kuandika kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza; hilo tunalishika kwa imani. Utaona jinsi watu wa dini tatu walivyokuwa wakijibizana kwa umakini mkubwa kuliko sisi majirani wa mtaa mmoja.

Msomaji wa Goma

Shikamoo Mwalimu. Ninakubali kuhusu swali moja, lakini mfano wako unabaki ndani ya ukoo wa Ibrahimu, ambamo wote wamekwisha kukubaliana kuwa kuna Muumba mmoja. Mimi ni Mwislamu, na ninashuhudia kwamba somo hili lilianza kunifundisha kitu siku nilipokutana na watu ambao hawakubaliani nami hata juu ya neno «mimi».

Wabudha wana mazungumzo ya zamani kati ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena. Mtawa anamuuliza mfalme: gari ulilokuja nalo ni nini? Ni magurudumu? Ni ekseli? Ni mwili wa gari? Mfalme anakana kila moja, na mwishoni anakubali kwamba «gari» ni jina linalotumika pale sehemu hizo zinapokuwa pamoja. Mtawa anamwambia kwamba hata «Nagasena» ni jina la namna hiyo. Sisi wa Goma tunaweza kulisoma fundisho hilo katika chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo: ondoa magurudumu, usukani na ubao wa kubebea mizigo, kisha utafute chukudu yenyewe iko wapi. Nilipoelewa hoja hiyo nililazimika kujiuliza ninaposema nafsi yangu itahesabiwa siku ya kiyama ninamaanisha nini hasa, na hakuna mhadhara wa dini yangu uliokuwa umewahi kunifikisha hapo.

Wahindu nao wametoa majibu, tena si kwa sauti moja. Shankara anasema nafsi ya ndani kabisa si kitu kingine ila Brahman, uhalisia mmoja usiogawanyika; Ramanuja, aliyekuja baada yake, anapinga, kwa sababu upendo kwa Mungu unahitaji anayependa na anayependwa. Usikubali mwalimu yeyote akuambie «Uhindu unasema» bila kutaja ni Mhindu yupi.

Tena, chagua swali linalokuuma. Hapa kwetu lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwaka 2002, na mwaka 2021 mlima ulilipuka tena. Suala la kwa nini Mungu mwema anaruhusu mateso si zoezi la karatasi kwa mtu aliyewahi kukimbia usiku na watoto mgongoni. Lisome kwa Ayubu, lisome katika mafundisho ya karma, lisome kwa wanatheolojia wa Kiislamu: Mu'tazila, waliosema kwamba uadilifu wa Mungu unaweza kupimwa kwa akili, na Ash'ari waliowakatalia.

Mama mwalimu wa sekondari, Bukavu

Ninawasoma kwa furaha, ila ninasikitika kwamba katika dini zote mlizozitaja mababu zetu hawakutajwa. Kijana yuko Lubumbashi! Ni katika mji huo, ukiitwa bado Élisabethville, ambapo mwaka 1945 kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu cha Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, kuhusu falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Waluba kuwepo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au kupungua kulingana na uhusiano wa mtu na Mungu, mababu na jamaa zake. Alexis Kagame wa Rwanda aliona kwamba madai kama hayo yanahitaji ushahidi wa lugha yenyewe, akachambua Kinyarwanda na kupata makundi manne ya vitu vilivyopo: umuntu (mtu), ikintu (kitu), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna). Anayejua Kiswahili atayatambua mawili ya kwanza bila kufundishwa. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin aliwapinga wote wawili kwa ukali, akisema kwamba desturi za kabila zima si falsafa mpaka mtu mmojammoja asimame na kuzitetea kwa hoja zake.

Mimi nadhani Hountondji alikuwa na haki nusu. Ninapowauliza wanafunzi wangu kwa nini Washi walimwita Mungu Nyamuzinda, wanaleta hoja zao wenyewe, na hoja hizo zinapingana. Hata neno «dini» tulilipokea kutoka Kiarabu. Jiulize kama bibi yako alikuwa na jambo moja lililoitwa dini, lililotengwa na kilimo, ndoa na mazishi. Swali hilo ni la falsafa ya dini kabisa, na wewe una nafasi ya kulifanyia kazi kuliko mwanafunzi wa Ulaya.

Mwalimu mstaafu, Kampemba

Mama amenirekebisha, na ninakubali. Ninaongeza kwamba mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa bado mwanafunzi, alibishana hadharani na mkuu wake Alfred Vanneste juu ya uwezekano wa theolojia ya Kiafrika. Mwanafunzi alithubutu, na baadaye akawa askofu.

Msomaji wa Goma

Ndugu yangu wa Katuba, hujajibiwa kuhusu imani. Al-Ghazali mwenyewe anasimulia kwamba alifikia kuyatilia shaka hata macho yake, na mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad. Hakurudishwa na hoja. Anasema ni nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Kwa upande wangu, mwaka wa pili wa masomo nilipitia miezi ambayo niliswali bila kuhisi chochote. Niliendelea kuswali. Leo ninaamini mambo machache zaidi kuhusu watu wa dini nyingine, na kuhusu Mungu ninasema pole pole.

Mwanafunzi wa Katuba

Asanteni sana. Jana jioni nilimsomea baba maneno ya Mwalimu kuhusu mwanzo wa ulimwengu. Alinyamaza kwa muda, akaniomba nirudie sehemu ya Thomas, kisha akauliza: na huyo Al-Ghazali alimjibu nini Ibn Rushd?

Mwalimu mstaafu, Kampemba

Mwambie baba kwamba Al-Ghazali alifariki mwaka 1111, miaka 15 kabla ya Ibn Rushd kuzaliwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kumjibu. Lakini ubishi haukuzikwa naye: katika karne ya 15 Sultani Mehmed wa Pili, aliyeiteka Konstantinopoli, aliwaagiza wanazuoni wawili waandike upya juu ya ugomvi wa Al-Ghazali na wanafalsafa. Akitaka kujua zaidi, mje naye nyumbani kwangu Jumapili baada ya misa.