Ushauri jamani: mama anateswa na magoti, nimnunulie vidonge hivi?

Mwana_wa_Busia: Wandugu, mama yangu ana miaka 63, magoti yanamuuma usiku hadi analia. Kuna mtu ananiuzia vidonge vya palmitoiletanolamidi, kwa kifupi PEA. Anasema ni mafuta ambayo mwili wenyewe hutengeneza kutuliza maumivu, hivyo hayadhuru. Ninunue?

Mzee_Malaba: Mimi mgongo ulinitesa miaka miwili kwa kubeba magunia mpakani. Nilipona nilipoanza kuuza mahindi nimekaa. Mama bado analima? Mpumzishe jembe.

Dada_wa_Jinja: PEA ipo kweli. Tangu 1957 inajulikana kuwa imo kwenye kiini cha yai na karanga, ila kidogo mno, binyebwa, yaani karanga hizo, haitamtibu. Ndugu yake ni anandamaidi, mafuta mengine ya mwili yanayobeba ujumbe, iliyogunduliwa 1992 kwenye ubongo wa nguruwe katika maabara ya Raphael Mechoulam, Jerusalem. Mwili huitengeneza inapohitajika, kisha kimeng'enya, protini ya mwili ya kuvunja vitu, huivunja upesi. Mwaka 2016 huko Rennes, Ufaransa, watu wazima wenye afya walijaribiwa dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho ili anandamaidi isivunjwe, na mmoja akafa. Kwa hiyo "ni ya mwili" haitoshi. Mama anameza nini sasa?

Mwana_wa_Busia: Vidonge vya kawaida tu.

Dada_wa_Jinja: Vipi hivyo? Taja.

Mwana_wa_Busia: Diklofenaki, kila siku, mwaka wa pili huu. Na tangu juma lililopita choo chake ni cheusi kama lami. Ndiyo maana nataka ahamie PEA, na nusu ya hela nimeshatuma. Muuzaji kasema aache diklofenaki polepole.

Boda_Tororo: Hili ni tangazo. Akaunti ya juzi, jina gumu la dawa bila kukosea hata herufi. Kesho atatupa namba ya muuzaji.

Mzee_Malaba: Hata mimi nina shaka. Mtoto gani anaficha choo cheusi cha mamake?

Mwana_wa_Busia: Namba sitoi. Jina nimelinakili kwenye chupa aliyonionyesha. Niliona aibu, kwa sababu diklofenaki nilimnunulia mimi.

Dada_wa_Jinja: Akiwa mwongo hatujapoteza kitu, tumjibu. Kaka, diklofenaki huzuia prostaglandini, nazo pia ni mafuta yanayobeba ujumbe mwilini. Gotini huzidisha maumivu, lakini tumboni hulinda ukuta usiliwe na asidi. Choo cha lami kwa mtu wa dawa hiyo, hesabu kuwa ni damu. Hakuna cha polepole: asimeze kidonge kingine, awe hospitali usiku huu. Ana kizunguzungu?

Mwana_wa_Busia: Akisimama, ndiyo. Na hela yangu?

Boda_Tororo: Hela baadaye! Kama anapepesuka usimpandishe boda, nasema hivyo mimi mwendeshaji. Nina jamaa hapo Busia ana gari. Mko upande gani?

Mwana_wa_Busia: Nyuma ya soko. Nimemwamsha, anavaa viatu.