Maji yetu ya mserereko yanaleta tope kila masika: tuchukue mtambo wa pampu au tujenge chujio la mchanga?

KatibuMaji_Mgeta
Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu na miradi ya maji vijijini. Mimi ni katibu wa CBWSO, chombo cha jamii cha kuendesha maji, ya kijiji chetu huku Mgeta, milima ya Uluguru, na mkutano mkuu wa kijiji unakaribia.

Mradi wetu ni wa mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu. Banio, yaani sehemu ya kukinga maji, liko kwenye kijito juu ya kijiji, bomba linashuka mpaka tenki la lita 75,000, kisha vilula vya kuchotea maji. Tunahudumia watu wapatao 2,100, kaya kama 450, na kila kaya inachangia shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiangazi maji yanang'aa. Masika, mvua ikipiga mlimani usiku, asubuhi kilula kinatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tiba tuliyo nayo ni kutia klorini kwenye tenki basi. Msimu uliopita watoto wengi waliharisha, na zahanati ikatuandikia barua.

Maabara walipima tope kwa NTU, kipimo cha ukungu wa maji: kiangazi NTU 6, siku ya mvua zaidi ya 200. Vimelea vya kinyesi wapo misimu yote. Sasa kuna kampuni imetuletea pendekezo la mtambo wa kuchuja kwa shinikizo la pampu. Mfadhili atalipia ununuzi, uendeshaji ni juu yetu. Baadhi ya wazee wanataka chujio la mchanga. Fundi tunaye mmoja. Mnatushauri nini?

Mhazini_Nyanda
Mkuu, anza na daftari la fedha. Kaya 450 zikilipa zote, ambalo halitokei, mnapata 900,000 kwa mwezi. Toeni posho ya fundi, klorini, viungo vya bomba. Kinachobaki ndicho kitakacholipa umeme na vipuri vya huo mtambo. Kata ya jirani yetu walipewa mtambo wa aina hiyo. Ulifanya kazi vizuri mpaka vichujio vya ndani vilipoziba, vipya vikawa vya kuagizwa nje, na fedha haikuwepo. Wananchi wakarudi kwenye kijito.

Mwambieni muuzaji aandike kwenye karatasi yenye muhuri: umeme kiasi gani kwa mwezi, vichujio vinadumu muda gani na bei yake, na pampu ikifa fundi anatoka wapi. Akisita kuandika, mmeshapata jibu.

FundiMserereko
Naungana na mhazini. Mteremko mnao, yaani maji yanajisukuma yenyewe bure. Kununua pampu hapo ni kujitafutia deni.

Tupige hesabu. Watu 2,100 kwa lita 25 kila mmoja, kiwango cha Sera ya Maji ya 2002, ni lita 52,500 kwa siku. Chujio la mchanga la taratibu hupitisha maji kwa mita 0.1 hadi 0.2 kwa saa. Mkichukua 0.15, kila mita moja ya mraba inatoa lita 3,600 kwa siku, kwa hiyo mnahitaji kama mita za mraba 15. Jengeni vyumba viwili, kila kimoja 15 au zaidi, ili kimoja kikiwa kwenye usafi kingine kibebe kijiji kizima. Chumba kimoja ni kosa linalorudiwa sana.

Mchanga uwe kina cha karibu mita moja, chini yake changarawe na mabomba ya kukusanyia maji. Uwe mchanga mwembamba, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji ya kuoshea yatoke safi. Msikubali mchanga wa kujengea ulioletwa na lori na kumwagwa hivyo hivyo.

Sehemu inayosafisha hasa ni utando wenye utelezi unaojijenga juu ya mchanga. Ni viumbe hai hao, wanakula vimelea. Chumba kikikauka wanakufa. Kwa hiyo bomba la kutokea lipandishwe hadi juu kidogo ya usawa wa mchanga ndipo limwage, ili hata banio likifungwa maji yabaki juu ya mchanga. Chujio likipunguza kasi, fundi anashusha maji, anakwangua sentimita moja au mbili za juu kwa koleo bapa, basi. Baada ya hapo lipewe siku kadhaa utando ujijenge upya.

KatibuMaji_Mgeta
Asante sana fundi. Ila NTU 200 haitaziba huo mchanga siku ya kwanza?

FundiMserereko
Itaziba. Mchanga wa taratibu unataka maji yasiyozidi NTU 10 hivi, 20 kwa muda mfupi. Ndiyo maana jibu lenu liko kabla ya chujio.

Fanyeni jaribio hili mvua ijayo. Jazeni chupa zinazoonyesha ndani za lita moja na nusu maji ya kijito yakiwa machafu kabisa, mziweke mezani usiku kucha bila kuzitikisa. Asubuhi tope likiwa limekaa chini na juu kumetakata, bwawa dogo la kutuamisha pamoja na chujio la changarawe vitawatosha. Maji yakibaki na ukungu mzito, huo ni udongo laini sana, hauanguki wenyewe. Hapo itabidi mfikirie shabu ya kukusanya tope lishuke, na shabu inataka mtu wa kupima dozi kila siku.

Jingine: kijito cha mlimani huchafuka ghafla na kutakata baada ya saa chache. Tenki lenu linabeba zaidi ya mahitaji ya siku moja. Mlinzi wa banio afunge valvu tope linapoanza kushuka, afungue likipita. Mtaepuka maji mabaya kuliko yote kwa gharama ya posho ya mtu mmoja.

Mpimaji_Maabara
Naongezea mawili. Klorini haikufanya kazi masika kwa sababu tope linaimaliza na kuwaficha vimelea. Isitoshe, kuna vimelea kama Cryptosporidium ambao klorini haiwawezi hata maji yakiwa safi, mchanga ndio unaowazuia. Lakini msiache klorini. Baada ya chujio, dozi ya miligramu 1.5 kwa lita ni kama gramu 120 za HTH, klorini ya unga, ya asilimia 65 kwa siku. Ikae angalau nusu saa kabla maji hayajatoka, kisha pimeni kilula cha mbali kabisa kwa vidonge vya DPD vya kupimia klorini iliyobaki. Maji yakigeuka waridi na kusoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, mko salama. Msinunue pipa la kilo 45, litawachukua mwaka mzima na dawa hupungua nguvu likishafunguliwa.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Mgeta ni kabichi, njegere, karoti mpaka ukingoni mwa vijito. Juu ya banio lenu kuna mashamba? Dawa za kupulizia mboga hamtaziondoa kwa mchanga kwa uhakika.

KatibuMaji_Mgeta
Yapo. Mawili yako karibu sana na kijito.

Mpimaji_Maabara
Basi hilo litangulie ujenzi wowote. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kaeni na wenye mashamba kwanza, maana nao wanakunywa maji hayo hayo. Kama haiwezekani, pandisheni banio juu ya mashamba, mkianza na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Wakati huo huo pelekeni sampuli ya kupima viuatilifu, ichukuliwe mvua ya kwanza baada ya kupulizia.

KatibuMaji_Mgeta
Nimeandika yote. Nitamwomba mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya aje tupande naye mpaka juu ya mashamba kabla ya mkutano, na mfadhili nitamwuliza kama fedha ya mtambo inaweza kuhamia kwenye banio jipya na vyumba viwili vya mchanga.

Mhazini_Nyanda
Mwulize kwa barua, mkuu, na uambatanishe hesabu ya fundi.