Lupango Katuba, kiwanja Kalebuka ama hekta mbili njia ya Kipushi: kodi ya kila mwaka inalinganaje?

kijana_wa_Ruashi
Wakubwa, jambo kwenu. Mimi na bibi yangu tuna feza ya kununua kitu kimoja tu, na mbele yetu kuna vitatu. Cha kwanza ni lupango (kiwanja chenye nyumba) Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo: nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma kuna kanyumba ka kupangisha. Mwenyewe ana sertifika, hati ya ardhi iliyoandikishwa. Cha pili ni kiwanja kitupu Kalebuka, komini ya Annexe, kina kontra ya lokasio peke yake, mkataba wa kukodishwa na Serikali. Cha tatu ni hekta mbili njia ya Kipushi, upande wa chefu Kaponda, na muuzaji anaonyesha karatasi ya chefu wa kijiji. Kila mtu anatuambia: nendeni kijijini, kule hakuna kodi. Ni kweli? Bei ya kununua tumekwisha kuilinganisha. Naomba mtusaidie upande wa kodi.

Yaya_Kasapa
Mdogo wangu, hayo maneno ya "kule hakuna kodi" yameumiza watu wengi. Impo fonsie, yaani kodi ya ardhi na nyumba, inatoka kwenye sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, na sheria hiyo haikuacha vijiji nje. Inachofanya ni kupanga mahali kwa daraja, kuanzia la kwanza mpaka la nne, na kodi inashuka kadiri daraja linavyoshuka. Villa inahesabiwa kwa mita za mraba. Nyumba nyingine za watu binafsi zinalipiwa kiasi kimoja kilichopangwa. Kiwanja kitupu nacho kina kodi yake, kwa hiyo Kalebuka utalipa hata kabla ya kuweka tofali la kwanza. Tena Annexe ni komini ya mji wa Lubumbashi, hata kama jirani zako wote wanalima mihogo. Usiihesabu kama kijiji mpaka uulize mtaa ule uko daraja gani.

Sasa Kipushi. Kuna chembe ya ukweli: ardhi inayotumika kwa kulima au kufuga, sheria inaisamehe. Lakini nyumba ya kulala utakayojenga pale katikati haiingii katika msamaha huo.

Na mahali pa kulipa: tangu Katiba ya 2006, kifungu cha 204, kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya feza ya kupangisha na ile ya magari ni za mkoa. Hapa Haut-Katanga nenda DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa. Akija mtu mlangoni kukuomba makuta mkononi, mwambie akupe karatasi ya deni la kodi, utalipa benki.

mama_wa_mapacha
Yaya amesema vizuri, lakini kwa Katuba kodi nzito sio ya nyumba. Ni ya kale kanyumba ka nyuma! Feza ya kupangisha ina kodi yake, na katika sheria nyingine ya 1969 ni asilimia 22 ya kile unachopokea, bila kutoa kwanza gharama za rangi wala za mabati. Tuseme mpangaji anakupa dola 100 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 1,200, kodi ni 264. Hiyo ni karibu miezi mitatu ya mpangaji inayokwenda kwa mkoa. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, atakata asilimia 20 yeye mwenyewe na kuipeleka, wewe utamalizia inayobaki; mwombe karatasi ya malipo kila mara, bila hiyo utaulizwa mara ya pili. Mkoa unaweza kuwa na kiwango chake, kwa hiyo ulizeni cha mwaka huu kabla ya kupanga hesabu ya nyumba.

Watu wengi wananunua lupango wakisema "kanyumba ka nyuma katalipa kodi yote." Pigeni hesabu hiyo kwanza.

Fundi_Kampemba
Mimi bado ningechukua Kipushi. Hekta mbili, mahindi, kuku, na kodi kidogo. Mjini unalipa kila upande na bado SNEL inakata umeme.

Yaya_Kasapa
Fundi, kama mtu analima kweli, sikatai. Ila kodi ndogo haina maana kama chini yake hakuna hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 219 kinasema haki yako juu ya ardhi inathibitishwa na sertifika peke yake. Ardhi za jamii za vijijini ziliingizwa humo pia, na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki za wenyeji. Watu wakaingoja miaka na miaka. Karatasi ya chefu inaonyesha kwamba wenyeji wamekupokea, na hilo ni jambo kubwa, msilidharau. Lakini lazima uanzie hapo uende mpaka kwenye ofisi za ardhi.

Kontra ya lokasio ya Kalebuka nayo ni ya kupita: haizidi miaka mitatu, na ndani yake unatakiwa kujenga ndipo uombe hati ya kudumu. Angalia tarehe yake leo hii. Ikiwa imebaki miezi michache, unanunua mbio.

kijana_wa_Ruashi
Aksante sana. Mwenye Katuba anasema risiti za kodi za zamani ziko zote, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha jina haraka. Hiyo ni sawa?

mama_wa_mapacha
Hapana, mwanangu! Risiti inaonyesha kodi imelipwa. Haikufanyi mwenye nyumba. Na yeye naye hafaidiki: mpaka jina libadilishwe kwa konservatere, mwandikishaji wa hati za ardhi, kodi itaendelea kumfuata yeye au warithi wake, isipokuwa athibitishe kwamba ameuza na kwa nani. Jirani yetu mmoja alifariki, watoto wake wakadaiwa kodi ya lupango ambalo baba yao aliliuza zamani. Wekeni gharama za kubadilisha jina ndani ya bei, na sehemu ya malipo ibaki mpaka sertifika itoke kwa jina lenu.

Papa_Kamalondo
Nimesoma yote. Nakubaliana na mama: Katuba, lakini kwa kuishi, na kanyumba ka nyuma mpeni mzazi. Kijana, mama yako yuko hai? Kama ni mjane, au mzazi yeyote amepita miaka 55, na nyumba anayokaa imeandikwa kwa jina lake, sheria inamsamehe impo fonsie ya nyumba hiyo, mradi ndiyo makao yake makuu na anaishi peke yake, na mwenzi wake au na watu anaowalea. Kuna wazee wengi huku Kamalondo wanaolipa kitu wasichodaiwa, maana hawakuandika deklarasyo, karatasi ya kutangaza mali kwa ofisi ya kodi. Inaandikwa kila mwaka, na siku ya mwisho ni tarehe 1 Februari.

kijana_wa_Ruashi
Yuko hai, Papa, ni mjane, na lupango lake la Ruashi liko kwa jina lake. Anakaa na wajukuu wawili anaowalea.

Papa_Kamalondo
Basi Jumatatu mpeleke, na mchukue sertifika yake, kitambulisho chake na cheti cha kifo cha baba. Hilo la mama lisingoje uamuzi wenu wa kununua.