Mzigo wa Kongo unaoshushwa Kigoma: naweza kutoa taarifa na nikabaki salama?

Karani wa Ghala
Ndugu zangu, ninafanya kazi katika ghala moja hapa Kigoma, na kazi yangu ni kuhesabu marobota yanapoingia na kutoka. Mara tatu sasa nimeona vitenge ambavyo kadhia yake, yaani tamko la mzigo linalowasilishwa forodhani, inasema vinavuka ziwa kwenda Kalemie vikikatwa lakiri (kifungo cha forodha) usiku, vikapakiwa kwenye magari madogo na kupelekwa sokoni, ilhali karatasi za kutoka nchini zimekwisha kugongwa muhuri. Jambo hili linaninyima usingizi. Tunaolijua ni watu wanne tu. Nikisema, hata jina langu lisipotajwa, tajiri atatuhesabu kwa vidole mpaka anifikie. Je, sheria inanilinda?

Muuza Vitenge, Mwanga
Pole, mwanangu, lakini nakuomba usinyamaze. Mzigo wa kupita kwenda Kongo hautozwi kodi hapa, lakini mimi ninalipa ushuru wa forodha, kisha juu ya thamani iliyokwisha kubeba ushuru huo ninatozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Mteja hushika kitenge changu, hukipapasa, halafu huvuka barabara kwa jirani anayekiuza kwa bei ambayo mimi siwezi hata kununulia.

Mwanasheria
Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomkinga anayetoa taarifa kwa nia njema asifukuzwe kazi wala kunyanyaswa kwa sababu hiyo. Hata hivyo hofu yako ina msingi, maana kuwasilisha kadhia ya uongo kunaweza kumfunga tajiri wako hadi miaka 3 kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na mtu wa namna hiyo atamtafuta aliyemsema. Mara nyingi kinachomfichua mtoa taarifa ni undani wa maelezo yake: ukiandika idadi ya marobota uliyoihesabu peke yako, ni kama umetia sahihi. Eleza yale ambayo hata mpita njia angeweza kuyaona, yaani namba ya gari, namba ya kontena, siku na saa. Ofisa wa forodha akizilinganisha na kadhia, atayafikia marobota mwenyewe. Tafadhali usichukue nyaraka za ofisi.

Karani wa Ghala
Nashukuru sana. Namba ya lori ninayo, na hata walinzi wa jirani waliliona. Idadi ya marobota nitakaa nayo kichwani mpaka mpelelezi aniulize.