Dungeons & Dragons kwa mtindo wa Rick and Morty: meza ya Nyegezi, dadu za ludo tu

karabai_usiku

Wakuu habari za jioni. Tuko watano Nyegezi, wachezaji wanne na mimi mwendeshaji, yaani msimulizi na mwamuzi. Tumezungushiana ile komiki inayokutanisha Rick na Morty (mwanasayansi mlevi na mjukuu wake wa kwenye katuni) na Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu; komiki ni ya 2018, waandishi Patrick Rothfuss na Jim Zub, mchoraji Troy Little), sasa kila mtu anataka kucheza kweli. Naomba msaada kwenye haya:

1. Vichekesho vya matoleo ya zamani ya mchezo hatuvipati. Watu wanacheka kwa kuona sura tu.
2. Hatuna dadu ya pande 20. Tuna za ludo. Mmoja wetu kasema turushe tatu, tujumlishe, tuongeze 2, basi. Ni sawa?
3. Nataka mambo yatokee hapa hapa ziwani na yachekeshe. Pambano la kwanza nimeweka goblin wanne (sisi tumewaita vibwengo) dhidi ya wachezaji wanne wa daraja la kwanza.

Tuna masaa matatu kwa kikao, na umeme msiuhesabu.

---

dadu_kavu

Mkuu, nianze na namba 2 kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuharibia kikao.

Dadu tatu za ludo ukijumlisha na 2 zinakupa 5 hadi 20, kwa hiyo 1 haitoki kamwe, na 20 inatoka mara 1 katika 216 badala ya mara 1 katika 20. Matokeo mengi yatarundikana kwenye 12 na 13. Vichekesho vya mchezo huu vimekaa kwenye zile ncha mbili: shujaa kateleza kwa 1, mpishi kamkata joka kwa 20. Ukizikata ncha, umebaki na hesabu za duka.

Fanya hivi. Chukua dadu moja ya ludo na sarafu moja. Rusha dadu, ikitoka 6, rudia. Una 1 hadi 5. Kisha rusha sarafu mara mbili. Kichwa-kichwa, usiongeze kitu. Kichwa halafu upande wa pili, ongeza 5. Upande wa pili halafu kichwa, ongeza 10. Pande za pili zote mbili, ongeza 15. Hapo kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina nafasi sawa na mwenzake.

Nyingine zinafuata mkondo huo huo. Pande 4 ni sarafu mara mbili, pande 8 ni sarafu mara tatu. Pande 10, dadu bila 6 na sarafu moja ya kuongeza 5. Pande 12, dadu kamili na sarafu moja ya kuongeza 6.

Kama sarafu zinawachosha, andika 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda, tia kwenye kikombe kirefu, mtu anachota bila kuangalia. Kosa linalojirudia hapa ni kutokurudisha kizibo. Usiporudisha, aliyechota 20 kawanyima wenzake wote. La pili ni vizibo vilivyopindwa na kifungulio: kidole kinavijua baada ya dakika ishirini. Vichague vilivyo sawa, au vyote uvipinde.

Mkipata dadu halisi za plastiki, zipimeni kabla ya kuziamini. Maji ya ziwa peke yake hayatoshi, dadu inazama moja kwa moja. Glasi ya mililita 250, maji ya uvuguvugu, chumvi vijiko vitano vya chakula, koroga mpaka iyeyuke. Isipoelea, ongeza mpaka chumvi ianze kubaki chini. Ikielea, izungushe kwa kidole mara kumi. Ikirudi juu na namba ile ile kila mara, ina uzito upande mmoja. Hiyo mpe mtoto achezee.

---

bibi_thako

Jibu la swali la matoleo hili hapa, mdogo wangu, nalipunguza kwa kiasi kinachohitajika kucheka.

Mchezo ulitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Mji wa ziwani kama sisi, ila wao ziwa lao huganda. Toleo la pili la "Advanced" ni 1989. Wizards of the Coast waliinunua TSR 1997, wakatoa toleo la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014, na marekebisho yake 2024.

Sasa THAC0, ambayo mwenye mvi yeyote akiitamka utaona meza nzima inacheka au inalia. Zamani kinga (namba ya ugumu wa kumpiga mtu) ilikuwa inashuka: mtu asiye na vazi la vita alikuwa na kinga 10, mwenye deraya ya mabamba 3, na mtu hatari sana alikuwa chini ya sifuri. THAC0 ni namba unayohitaji kumpiga mwenye kinga 0. Askari wa daraja la kwanza alikuwa na 20. Adui ana kinga 5? Ishirini toa tano, unahitaji 15. Adui ana kinga hasi 2? Ishirini toa hasi mbili... na hapo ndipo mezani palipokuwa panazuka ugomvi, kwa sababu watu wanatoa mahali pa kujumlisha. Toleo la tatu liligeuza kibao: kinga kubwa ndiyo nzuri, rusha, jumlisha, ifikie au uipite. Ndiyo hesabu tuliyonayo leo.

Vichekesho vingine: katika kisanduku cha Basic cha 1981, "elf" ilikuwa kazi, kama vile useme "kazi yake ni Mkerewe". Mwenye kusomea uganga wa vitabu alianza na uhai wa dadu ya pande 4 na tamko moja la uganga kwa siku. Akishalisoma, anabeba taa. Toleo la tatu lilikuwa na namba zilizomwezesha paka wa nyumbani kumuua mwanakijiji wa kawaida kwenye pambano la haki. Toleo la nne lilipanga uwezo kwa makundi: wa kila wakati, wa kila pambano, wa kila siku. Wazee wakalalamika kwamba limekuwa gemu la kompyuta.

Ukiyajua haya, komiki inasomeka tofauti. Kinachochekesha pale ni ugomvi wa kudumu wa nani mchezaji wa kweli, na Rick ni yule mtu wa kila meza anayeamini ni yeye. Hadithi ya kwanza ya komiki ilitoka kwa sehemu nne, anza nayo. Ya pili, Painscape ya 2019, inadhani tayari unawajua wahusika. Mwaka huo huo wa 2019 kilitoka pia kisanduku rasmi cha mchezo chenye wahusika watano waliokwisha kuandaliwa na safari ya daraja la 1 hadi la 3. Siyo lazima kukitafuta. Kanuni za msingi za toleo la tano ni za bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 hati yake ya kanuni iko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuitafsiri Kiswahili na kuisambaza ukitaja ilikotoka. Majina ya Rick na Morty hayamo kwenye leseni hiyo. Chezeni nayo nyumbani, msiyauze.

---

manju_wa_kisesa

Kabla ya ucheshi, majina. Usitumie "mchawi" kwa mhusika wa vitabu na matamko. Usukumani neno hilo limeua vikongwe kwa kushukiwa tu, na mezani litabadilisha hewa hata kama hakuna aliyekusudia. Mwite mnajimu: anasoma, ana kitabu, kitabu kikilowa hana kazi. Askari abaki askari. Yule wa kuiba na kuchomeka kisu kwa nyuma ni kibaka, na jina hilo peke yake linafanya nusu ya kazi ya uchekeshaji. Mwimbaji ni manju.

Na manju ndiye wa kumjengea kikao. Tuna kitu ambacho waandishi wa hivi vitabu wangekililia: Bagika na Bagalu. Vyama viwili vya ngoma, uwanja mmoja, vinacheza kwa wakati mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Msimu wa Bulabo (tamasha la ngoma la Wasukuma) pale Bujora ndivyo ilivyo, na kila upande unaushuku mwingine kutumia dawa. Weka hilo badala ya pambano la kwanza.

Vizibo 20 katikati ya meza ndio umati. Mizunguko mitatu. Kila mzunguko, kila upande unarusha dadu ya 20 na kuongeza mvuto wa manju wake. Aliyeshinda anavuta vizibo nusu ya tofauti, ukikadiria kwenda juu. Kwa nini nusu? Tofauti ya wastani kati ya dadu mbili za 20 ni 6.65, ukichukua nzima mizunguko mitatu inamaliza umati wote na bahati ya mara moja inaua mashindano. Manju akimtia moyo mwenzake, anampa dadu ya pande 6 ya kuongeza kwenye jaribio. Wengine watatu wasikae: kibaka anaiba fimbo za ngoma za wapinzani, askari anacheza bugobogobo na jembe (ustadi wa mwili, lengo 12, yaani apate 12 au zaidi; akikosa, jembe linaruka, wewe amua linatua wapi), mnajimu anafanya nyoka ambaye wapinzani wanacheza naye aonekane mkubwa kupita kiasi na umati ukimbilie upande wenu kwa hofu. Vizibo vinahamishwa kwa mkono mbele ya macho ya wote. Hapo watu wanasimama kwenye viti.

Kosa la waendeshaji wengi wanaotaka kuchekesha ni kuchekesha wao. Wewe kaa na uso mkavu. Sema "bwana harusi amepoteza meno mawili" kama unavyosoma taarifa ya habari. Kila mchezaji mpe karatasi yenye tamaa moja ndogo isiyolingana na safari: huyu anataka kurudishiwa deni la elfu mbili, yule hataki shemeji yake ajue yuko hapa. Safari kubwa, tamaa ndogo. Hiyo ndiyo nguvu ya Morty: dunia inaungua, yeye anawaza msichana wa shuleni.

Kitu kimoja usikiguse. Meli kuzama. MV Bukoba 1996, MV Nyerere 2018, mezani kwako huenda kuna mtu ana kaburi. Mtumbwi ukwame kwenye magugu maji, inatosha na inachekesha zaidi.

---

karabai_usiku

Asanteni wakuu, kibaka tayari kapata mwenyewe. Maswali mawili: vibwengo wanne niwaache? Na nina mchezaji anayejua kanuni zote, anajibu kabla sijamaliza sentensi. Nimfanyeje?

---

dadu_kavu

Usiwaache. Kwa hesabu ya toleo la 2014 kibwengo mmoja ni pointi 50 za uzoefu, wanne ni 200, na kwa kuwa wako watatu hadi sita unazidisha mara mbili: 400. Wachezaji wanne wa daraja la kwanza, kiwango cha kuua ni 100 kwa kila mmoja, yaani 400 kamili. Mshale wao mmoja unatoa wastani wa 5, mnajimu wako ana uhai wa 6 hadi 8. Mishale miwili, amelala. Waanze wawili, wa tatu aje mzunguko wa pili akiwa amechelewa na anaomba radhi.

Mamba mmoja ni sawa: kinga 12, uhai 19, anauma wastani wa 7 na kumshikilia aliyeumwa, kujinasua ni lengo 12. Kiboko mkopeshe takwimu za kifaru, uhai 45, lakini ni pointi 450 peke yake. Huyo ni wa kukimbiwa, na uwaambie mapema ni wa kukimbiwa.

Jedwali la ajali kwa kila 1 liache. Mwenye kupiga mara kumi ana nafasi ya asilimia 40 ya kupata 1 angalau mara moja, kwa hiyo askari hodari ndiye anayejikata mguu kuliko wote. Ikitoka 1, amekosa, imetosha. Maneno ya kumchekea yatoke kwa wenzake.

---

manju_wa_kisesa

Huyo mjuaji ndiye Rick wako, usimfukuze. Kila anapotoa siri ya kiumbe, mwambie arushe dadu ya 20 na akili ya mhusika wake, lengo 15. Akipata, mhusika anajua. Akikosa, mhusika anasema jambo hilo hilo kwa uhakika na ni uongo, nawe unabadilisha kiumbe kilingane. Halafu mpe kazi ya kushika vizibo vya kupanga zamu za wachezaji. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapungua.

Na usiku wa dagaa usiusahau. Karabai mfanye taa ya kanuni: futi 30 mwanga kamili, futi 30 nyingine hafifu, mafuta pinti moja kwa masaa sita. Mraba mmoja wa daftari la hesabu ni futi 5, kwa hiyo miraba sita kila upande wa mtumbwi ndiyo yote wanayoona vizuri. Mbalamwezi ikiwa kamili mitumbwi ya dagaa haitoki, ziwa tupu, hakuna wa kuwasikia wakipiga kelele. Panga tarehe ya safari na wachezaji wenyewe, wachague mwezi au giza.

---

bibi_thako

Nyongeza moja: karatasi za wahusika zitoe fotokopi mapema, nakala mbili kila mtu, na uhai uandikwe kwa penseli. Kalamu ya wino ikitoboa karatasi kwenye pambano la tatu, mtabishana mnajimu alikuwa na 4 au 1 mpaka umeme urudi.