Pine 6 mpya za kamio: nisimamie nini wakati wa kuzifunga? (Lubumbashi)

Kamio_Kasumba
Jambo ba yaya na ba papa wa barabara. Niko na kamio (lori) ya mapine (matairi) 10, inabeba mzigo Lubumbashi–Likasi na Lubumbashi–Kasumbalesa. Nimenunua pine 6 mpya, 315/80R22.5 za tubelesi (zisizo na tyubu ndani): 2 za mbele, 4 za nyuma. Kwado (fundi wa pine wa kando ya njia) wa karibu anasema kamio haina haja ya ekilibraje (kusawazisha uzito wa gurudumu), yeye ataziingiza kwa nyundo na vyuma vya kuzibulia. Gereji yenye mashini inadai pesa nyingi zaidi. Je, tofauti hiyo ina maana? Na nikisimama karibu na fundi, niangalie nini?

Fundi wa Jante
Yaya, kazi inaanza kabla ya pine kugusa jante (rimu). Soma ubavuni tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tafuta pia namba za mzigo. Ikiwa 156/150, pine moja peke yake inabeba kilo 4000, na ikiwa mapacha (mbili zimefungwa bega kwa bega), kilo 3350 kila moja.

Kisha pitisha mkono kwenye talo, ule ukingo wenye waya unaoshika jante. Pine nyingi zinasafirishwa kwenye kontena zikiwa zimesukumwa moja ndani ya nyingine, na talo inakunjika. Ukikuta imevunjika pembe au mpira umechanika, irudishe dukani siku hiyohiyo, kwa sababu ikishafungwa hakuna atakayeipokea.

Jante isuguliwe kwa brashi ya chuma mpaka mahali pa talo pawe laini. Angalia nyufa kati ya matundu ya bulon (bolti). Valvu na mpira wake viwe vipya. Ni vitu vya bei ndogo, na kuvibadilisha baadaye ni kufungua pine nzima tena.

Talo zote mbili zipakwe sabuni ya kufungia pine. Si grisi, si mazuti, si mafuta ya mota. Mafuta yanakula mpira na hayakauki, basi ukifunga breki na mzigo, jante inazunguka ndani ya pine. Na pine iingizwe kwa upande ambao shimo la katikati ya jante liko karibu na ukingo. Fundi akianzia upande mwingine, haitaingia, ndipo anapochukua nyundo. Nyundo juu ya talo inakata waya ambazo huzioni.

Mama Transpo
Nami niongeze juu ya upepo, maana hapa ndipo watu wanakufa. Papa, usikubali pine ijazwe ikiwa imelala chini na fundi ameinama juu yake. Ijazwe kwanza mpaka karibu bar 1.5, asimame, aangalie ubavu kama kuna uvimbe, asikilize kama kuna mlio wa nyuzi kukatika. Kikiwepo kimoja, upepo utolewe na pine iwekwe kando. Ikiwa salama, iingie ndani ya kizimba cha chuma, mrija wa upepo uwe mrefu na ushike valvu wenyewe, kipimo kiwe mbali, na hakuna mtu mbele ya ubavu. Talo ikikataa kukaa, asiongeze presio (nguvu ya upepo). Atoe upepo wote, apake sabuni tena, aanze upya. Anayetaka kuwasha petroli ndani ili pine "iruke" mahali pake, mwondokee na pine zako.

Ikishajaa, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka pine karibu na jante. Umbali wake na jante uwe sawa pande zote. Ukizidi mm 2 upande mmoja, pine imekaa upande, na hakuna ekilibraje itakayoponya hiyo.

Paralelisme_Katuba
Kwado amekosea kuhusu mbele. Pine ya mbele isiyo sawa inatikisa usukani kuanzia km 70 au 80 kwa saa, inajichimba mabaka, inachosha rotule (viungo vya usukani) na rulma (beringi).

Kabla ya mashini, osha jante ndani; udongo mwekundu uliokauka mle unadanganya kipimo. Kisha mjaribu fundi: akimaliza kupima, alegeze gurudumu, alizungushe nusu juu ya mashini, alikaze, apime tena. Namba zikibadilika sana, kono (koni inayoshika jante kwenye mashini) anayotumia hailingani na jante, na vyuma vyote vya uzito atakavyobandika ni bure. Mashini ikidai karibu nusu kilo ya vyuma kwa gurudumu moja, mimi ningesimamisha kazi, nizungushe pine nusu juu ya jante, nipime upya. Ukiona doa la njano ubavuni, liwe karibu kabisa na valvu; ndipo pine ilipo nyepesi.

Fundi wa Jante
Na ekru (nati), jamani. Uso wa jante na wa mwayo (kitovu ambapo jante inafungwa) uwe safi: kutu na rangi nene zinapondeka njiani, ekru inalegea. Tone moja la mafuta kwenye uzi wa bulon na kati ya ekru na washa yake, basi. Usipake uso wa jante. Kaza kwa msalaba, hatua tatu. Kwa bulon 10 za M22 ni karibu Nm 600, lakini fuata kitabu cha kamio. Bastola ya upepo isogeze ekru tu. Ukaza wa mwisho ni wa kle dinamometrike (spana inayopima nguvu ya kukaza), la sivyo bulon inavutwa hadi inakatika. Kaza tena baada ya km 50 hadi 100. Ukienda Kasumbalesa, simama kabla ya kufika.

Kamio_Kasumba
Aksanti sana. Pesa ikitosha ekilibraje ya pine 2 tu? Na presio?

Paralelisme_Katuba
Fanya zile 2 za mbele, na paralelisme (kunyoosha magurudumu ya mbele) siku hiyohiyo, baada ya kuhakikisha pivo (mhimili wa kugeuzia gurudumu) na rotule hazijalegea. Zile 4 za nyuma ziende zote kwenye daraja (ekseli) moja. Usimchanganye mpya na mzee kwenye mapacha: mkubwa anabeba mzigo wote, mdogo anaburuzwa. Valvu za mapacha zitazamane, ili ya ndani ifikiwe na mkono.

Presio pima asubuhi kabla ya kutembea. Kwa nyingi za ukubwa huu mzigo kamili unadai karibu bar 8.5, lakini soma ubavu na jedwali la mtengenezaji. Ikipanda kwa joto njiani, usitoe upepo.

Mama Transpo
Na vifuniko vya valvu viwe vya chuma, vyenye mpira ndani. Vumbi la njia ya Likasi linaingia kwenye valvu, upepo unatoka polepole usiku.